Kitabu Nilichompa Kila Mtu

Mimi nina mdomo, sikatai. Kitabu kipya kikifika maktaba yetu nakisoma kwanza mimi, naandika maoni kwenye kikaratasi, nakibandika kwenye rafu ya Mkutubi Anapendekeza. Ukipita hapo kaunta bila kukiazima, basi una roho ngumu.

Mwezi huu ikaletwa riwaya moja, mwandishi katumia jina la kubuni. Inamhusu mke ambaye mumewe ana mwanamke mwingine, na mtoto juu, mtaa wa pili tu. Majirani wote wanajua. Yeye kutwa kumsifu mumewe! Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma. Kwenye kikaratasi nikaandika: "Mke mjinga kuliko huyu bado hajazaliwa. Msome umcheke." Nakala zote zikatoka siku hiyohiyo, na wengine wakawa wanasubiri zamu. Wakirudisha nawauliza, "Enhe, umemwonaje yule zezeta?" Wanaangalia chini, wanachekacheka, wanajiondokea. Nikadhani ni utamu wa kitabu.

Leo akaingia wifi yangu, dada wa mume wangu, niliyeshibana naye tangu siku niliyoolewa. Hata salamu hakunipa. Alikwenda moja kwa moja kwenye rafu, akakibandua kikaratasi changu, akakifinyanga mkononi.

"Wifi! Una wazimu? Kimekukosea nini?"

"Kila anayeingia humu anakisoma. Basi, inatosha." Macho yake yalikuwa mekundu. "Hebu niambie. Yule mume wa kwenye kitabu, jioni anarudi nyumbani vipi?"

"Anarudi kaoga!" nikaangua kicheko. "Fundi magari mzima ananukia sabuni, na bibie anamshukuru Mungu kwa kumpa mume msafi. Jamani, mwanamke gani huyo asiyejiuliza..."

Mume wangu ni fundi magari. Kila jioni anaingia kaoga, kachana nywele, kucha nyeupe. Wake wa mafundi wengine wakilalamika juu ya mashuka yenye grisi, mimi najigamba kwamba gereji ya mume wangu ina bafu.

"Gereji haina bafu, wifi," akasema.

Nikaishika kaunta kwa mikono miwili. Yule mzee anayekuja kusoma magazeti aliniangalia, kisha akalinyanyua gazeti lake na kujificha uso. Hata yeye! Hata mzee wa magazeti!

"Nani kaandika uchafu huu?"

Akazidi kukifinyanga kikaratasi.

"Nakuuliza, nani?"

"Mimi." Alisema akiangalia sakafu. "Kaka aliniapisha nisikwambie. Nikajisemea moyoni: sitamwambia, lakini kitabu kipya hakimpiti yule. Atasoma, atajiona. Kumbe ukasimama hapa unawagawia watu, unajicheka mwenyewe!"

Nilitaka kumzaba kibao. Nilitaka pia anishike nisianguke. Hasira na aibu zikanipanda kwa pamoja, sijui ipi itangulie.

"Ungeniambia! Mdomo si unao? Mimi na wewe tunapika jiko moja, unanisubiri nijisome?"

"Nisamehe, wifi yangu."

"Usiniguse." Nikausukuma mkono wake. "Na yeye? Kaka yako anajua umekiandika? Amekisoma?"

Alinyanyua uso, akanikodolea macho. "Si ulimpa wewe?"

Mungu wangu. Nilimpa. Mtu ambaye hata gazeti hamalizi, nilimbembeleza wiki nzima. Alikisoma kitandani, ubavuni mwangu, taa inawaka, mpaka ukurasa wa mwisho. Nikamwuliza, kikoje? Akakifunga, akanigeukia kwa upole, akasema ni kizuri kweli, nimtafutie kingine kama hicho.

Nami asubuhi yake nikamtafutia.