Mikono Juu ya Ubao

Mjane alikuwa akikata sura ya marehemu mumewe kwenye ubao kwa mashine ya msumeno wa nakshi, wenzake wa kikundi cha kazi za mikono wakimtazama, shemeji yake alipoingia akifoka: "Kaka yangu si mchezo wa mbao!" Akamkaba shingo, akamburuta. Ubao ukaanza kurukaruka juu ya mashine. Fundi cherehani aliyekaa karibu akaukandamiza kwa mikono miwili, maana ukiachiwa hupasuka. Shemeji akamwacha mjane, akamshindilia fundi ngumi za uso. Damu ikatapakaa. Fundi hakuinua mkono hata mmoja, mpaka mjane alipojikokota akazima mashine.

"Mbona hukujikinga, jamani?" mjane alilia.

"Ningeuachia, mama," alijibu akitema jino, "mumeo angebaki bila pua."