Ombi Langu la Jumatano

Sauti yangu ni nzuri. Sijisifu, hata pasta amesema hivyo mbele ya watu. Ni kwa ajili ya sauti hiyo maktaba ya umma ya mjini kwetu iliniajiri, mwaka wa kumi na moja huu, niwasomee watu wasioona. Naingia katika chumba kidogo kilichopigiliwa magodoro ukutani ili kelele za soko zibaki nje, nasoma kitabu, mashine inanasa. Msomaji anapewa kadi yenye sauti hiyo na mashine ndogo ya kusikilizia, anakwenda nayo kwake bila kulipa kitu, kwa kuwa serikali imeshalipa.

Anayetaka kitabu fulani hujaza fomu. Yeye anasema, mimi naandika. Chini ya fomu kuna mstari wa herufi nzito: alichoomba msomaji ni siri yake. Nimewasomea watu mstari huo mara nyingi mno. Siku zote niliona unawahusu wambeya, na mimi si mmbeya. Mimi ni mtu wa maombi.

Kalondu alikuja Jumatatu moja mwezi wa Machi, amebebwa na Mulwa, yule wa bodaboda. Ana miaka arobaini. Macho yalimzimika akiwa na ishirini na sita, akarudi kwa baba yake kwenye miteremko ya Mbooni, na huko ana kitalu cha miche ya maparachichi ambayo watu wa soko la Kikima wanaigombania. Baba alifariki mwaka jana. Kwenye boma wamebaki yeye, kaka yake Mulinge na mke wa Mulinge, Ndila.

"Mama Mutunga, nataka ile sheria ya urithi," akaniambia. "Yote. Usiruke hata mstari."

"Ya nini?" nikauliza. Swali hilo halimo kwenye fomu.

"Ya shamba. Mulinge anasema ashashughulikia. Karatasi ikikuja, ni yeye ananisomea. Nimechoka kusomewa na mtu mwenye ndiye anagawa."

Nikaandika. Nikamwambia aje baada ya wiki mbili. Akaishika mikono yangu yote miwili, akasema, "Asante, mwaitu, mama yetu. Wewe husoma tu vile imeandikwa."

Sasa niseme ukweli, maana nimeshachoka kuuzunguka. Ombi lile lilinichoma. Mume wangu ana dada, Mwongeli, aliyeolewa huko Mutomo. Baba mkwe alipokufa tuligawana ekari nne za Mbooni sisi na shemeji yangu, na Mwongeli hakuna aliyemwita hata kunywa chai. Nina wana watatu. Binti anayedai shamba la baba yake nilimwona ni mtu wa vurugu, hata awe kipofu, hata awe mpole kama Kalondu. Sikusema hivyo. Nilisema moyoni kwamba familia ile inahitaji maombi, nikajiona mwema kweli.

Jumatano ya wiki hiyo tulikutana kanisani, ushirika wa akina mama. Kila mmoja hutoa ombi lake. Huyu mguu, yule mtoto kakosa karo, mwingine mume karudia pombe. Zamu yangu ikafika. Nikafumba macho, nikatoa ile sauti yangu nzuri.

"Tumwombee dada yetu mmoja asiyeona. Sitamtaja jina. Anataka kuwapeleka ndugu zake kortini kwa ajili ya shamba. Bwana atie amani kwenye hilo boma."

Akina mama wakaguna, "Wooi, Yesu." Sikutaja jina, na nilijivunia hilo hadi nyumbani. Lakini wanawake wasioona wenye shamba la kugombania Mbooni ni wangapi? Na Ndila alikuwa ameketi safu ya pili, amevaa kitambaa cheupe, anaitikia amina.

Kuna kibaya zaidi. Ile sheria nilikuwa nimeianza Jumanne, kurasa tisa tu. Baada ya maombi yale nikaiweka kando. Nilijiambia nampa Mungu nafasi afanye kazi yake. Nikanasa kitabu cha ufugaji wa kuku ambacho hakuna aliyekuwa akikingoja. Wiki mbili zikapita. Mulwa akaja kumwulizia Kalondu kadi, nikamwambia mashine ina shida. Mashine haikuwa na shida yoyote.

Wiki ya nne Kalondu akaja mwenyewe, na safari hii hakuja na Mulwa. Mwenzangu Mbaluka, anayepanga vitabu, alimshika kiwiko akamwingiza chumbani kwangu. Alikuwa na karatasi iliyokunjwa ndani ya mfuko wa unga.

"Nisomee hii kwanza," akasema. "Mulinge aliniletea nikaweka kidole. Alisema ni fomu ya ile pesa ya serikali ya sisi watu hatuoni. Aliniachia kopi. Alijua nitampelekea nani anisomee?"

Nikaifungua. Mstari wa kwanza tu ulinitosha. Kalondu, binti wa marehemu, kwa hiari yake na akiwa na akili timamu, ameiacha sehemu yake yote ya shamba kwa kaka yake, wala hatadai kitu baadaye. Kidole chake kiko pale chini, cheusi, kimekandamizwa vizuri. Tarehe ilikuwa Ijumaa ile ile, siku mbili baada ya ombi langu.

Shetani alinijia na mpango mzuri. Ningeweza kumsomea fomu ya pesa. Ninazijua fomu hizo kwa moyo, na sauti yangu isingetetemeka. Angeondoka ameridhika, nami ningebaki mtu wa maombi. Naona aibu kuandika kwamba niliupima mpango huo.

Nikasoma vile ilivyoandikwa.

Kalondu hakulia. Aliomba nirudie tarehe, nikarudia. Halafu akasema, "Ni Mulwa."

"Mulwa amefanya nini?"

"Alinileta hapa ile Jumatatu. Alisimama hapo mlangoni, akasikia. Ndiye alimwambia Mulinge, maana juzi Mulinge aliniuliza kama bado nataka korti, na mimi sikuwa nimemwambia kitu. Jana nilimtukana pale stage ya bodaboda mbele ya watu wote, nikamwambia asinibebe tena maisha yake yote. Alikuwa ananiapia na mama yake, na mimi namwita mwongo."

Mulwa! Mtu aliyembeba miaka sita kwenye njia zile za mawe bila kumwangusha hata mara moja. Nilitamani ardhi ipasuke. Sauti niliyoisikia ikitoka haikuwa ile ya kanisani.

"Si Mulwa. Ni mimi. Nililitoa kama ombi, Jumatano, kanisani. Ndila alikuwepo. Sikutaja jina, lakini nilisema haoni, nikasema shamba."

Akageuza uso kunielekea.

"Ulinitolea ombi."

"Nilidhani..."

"Na sheria yangu? Mashine ilikuwa na shida?"

"Haikuwa na shida. Niliacha kusoma. Sikutaka uipate."

Hayo ya mwisho sikuwa nimeyasema hata kwa Mungu. Kalondu aliikunja ile karatasi, akaikunja tena hadi ikawa ndogo ya kutosha kiganjani.

"Ningekuwa nimeisikia hiyo sheria," akasema polepole, "Mulinge akileta karatasi ningemuuliza maswali. Singeweka kidole tu hivyo kama mtoto."

"Najua."

"Hujui. Wewe unaona." Akapumua. "Kuna wakili huko mjini Wote, wa kusaidia watu bure. Nilimpigia simu nikamwambia kuna karatasi siielewi. Akasema kama nilidanganywa, lazima kuwe na mtu wa kusema Mulinge alijua ninataka kudai, ndio akakimbia na hiyo karatasi. Utasema?"

Nilifikiria kazi yangu na ule mstari wa herufi nzito. Nikafikiria akina mama wote wa Jumatano, na mume wangu akisikia nimesimama upande wa binti anayedai shamba, Mwongeli naye akisikia huko Mutomo.

"Nitasema," nikajibu. "Yote. Na kwa Mulwa nitaenda leo."

"Kwa Mulwa nitaenda mwenyewe. Mimi ndiye nilimtukana."

Nikaona nifanye angalau kitu kimoja kwa mikono yangu. Nikavuta kiti, nikafungua ile sheria ukurasa wa kumi, nikawasha mashine. "Kaa hapa," nikamwambia. "Naimaliza leo leo, hata nikikosa chakula."

Kalondu akasimama, akapapasa meza hadi akaufikia ukingo wake.

"Huko Wote kwa wakili utakuja, maana nakuhitaji," akasema. "Lakini kitabu mpatie Mbaluka anisomee."

"Kalondu, Mbaluka hajui kusoma mbele ya mashine. Anakwama kila neno."

"Akwame tu. Nitamngoja."

Nikamwita Mbaluka. Nikampa kitabu, nikamwonyesha tulipofikia, nikatoka, nikawafungia mlango.