Mahindi Yasiyo na Dumuzi

Mtaa mzima ulimwita Bwana Majani, na jina lilimkaa kama kofia mpya. Ndiye aliyewakusanya majirani uani kwake akawaonyesha jinsi ya kutwanga majani makavu ya mwarobaini na kuyachanganya na mahindi.

"Achaneni na sumu za dukani," aliwaambia. "Haya ukitaka kula leo, unaosha, unasaga, unakula."

Wakampigia makofi.

Sasa mke wa mdogo wake alisimama mlangoni mwa ghala, beseni kiunoni.

"Shemeji, nimekuja kuazima. Yetu yamegeuka unga kabla ya kufika mashineni. Dumuzi wametusagia bure."

Alicheka peke yake.

"Mlitia majani?"

"Kama ulivyotufundisha. Labda kosa ni langu, niliyaanika juani."

Bwana Majani akayatazama magunia yake. Hata yeye aliyaanika juani, yakaisha makali. Alipoona unga chini ya magunia yake, alinunua dawa ya dukani, akainyunyiza huku mlango umefungwa. Siku ya mafunzo watu waliyaona mahindi yake mazima, wakasadiki.

Shemeji yake alikwishafungua gunia, anachota.

"Hayo ni ya mbegu," Bwana Majani akasema.

"Ghala zima? Kwani unalima nchi nzima? Watoto wanangoja uji, nawe unanifanyia ubahili mchana kweupe. Nayaosha hapa hapa, naenda mashineni."

Akaelekea bombani.

"Usiyaoshe."

Alimpokonya beseni, akayarudisha mahindi guniani. Punje zikatawanyika sakafuni.

"Yana sumu. Ya dukani. Bado hayafai kuliwa."

Mwanamke alitazama viganja vyake. Akavifuta kwa gauni, kidole kimoja kimoja.

"Uliitia kabla ya kutufundisha, au baada?"

Angeweza kusema baada. Hakuna aliyemwona.

"Kabla."

Hakufoka. Laiti angefoka.

"Mdogo wako alitaka kununua dawa," alisema taratibu. "Mimi ndiye niliyemkataza. Nilimwambia, mwamini kaka yako."

Aliokota beseni lake tupu.

"Yuko nyumbani. Twende ukamwambie mwenyewe. Maneno hayo mimi siyabebi."

Bwana Majani akaanza kutafuta viatu. Aliinama, akapapasa nyuma ya mlango, akasogeza gunia, na kumbe amevivaa.