Mbwa wa Mume Wangu

Mbwa si wangu, na nilimwambia hivyo mume wangu siku alipopanda lori lake kwa safari ya wiki mbili na kuniachia. Mimi ni fundi cherehani. Manyoya ya mbwa na kitambaa cheupe haviivi chungu kimoja.

Siku ya nne, sikio la kushoto la mbwa likaanza kunuka kama maziwa yaliyochacha, naye akawa analikuna mpaka nashindwa kushona. Nikampeleka kwa daktari wa mifugo, nikinung'unika njia nzima.

“Mama, usiingize kijiti,” daktari akanionya. “Tia dawa, sugua shina la sikio taratibu, mwache ajikung'ute, kisha futa kwa pamba, mwisho pale kidole kinapofika.”

Dawa ilikuwa ya baridi, na tone la kwanza lilimkimbiza chini ya meza. Basi kila asubuhi na jioni nikawa naipasha joto chupa kwanza kiganjani, huku namsema: masikio makubwa, kusikia hasikii.

Mume wangu alirudi zikiwa zimebaki siku mbili za dawa. Akachukua chupa, akamwita. Mbwa akampita, akaja kwenye cherehani, akalaza kichwa pajani pangu, juu ya kitambaa cheupe cha mteja, sikio la kushoto likitazama juu.

“Kumbe mbwa ana mwenyewe,” mume wangu akasema.

“Mbwa ni wako,” nikamjibu. “Nipe hiyo chupa, haijapata joto.”