Shukrani Zilizotangulia

Daktari alisema, "Mpelekeni nyumbani, mpeni chochote atakachotamani kula," na hakuna mtu mzima asiyejua maana ya maneno hayo. Mke wa Fundi Redio aliyasikia yote, akakunja shuka zake pamoja na mbili za hospitali, akaondoka nazo pamoja na mumewe. Kama dawa hawana, angalau watoe shuka.

Nyumbani alimkuta wifi yake na karatasi ya novena ya Mtakatifu Yuda Tadei, msimamizi wa mambo yaliyoshindikana.

"Watakatifu wakubwa wana foleni," wifi alimweleza. "Huyu jina lake ni sawa na la yule msaliti, kwa hiyo watu walimkwepa miaka na miaka. Ndiyo maana anapokea kesi zilizokataliwa na wenzake."

"Kama mimi," Fundi akasema kutoka kitandani. "Redio ikishaharibiwa na mafundi wanne, ndipo inaletwa kwangu."

"Nyamaza, kaka, unaombewa."

Karatasi ilikuwa na masharti. Sali siku tisa. Ukijaliwa ulichoomba, mshukuru mtakatifu hadharani ili na wengine wamjue. Mke wa Fundi aliisoma mara mbili. Miaka ishirini na sita ya kuishi na fundi ilikuwa imemfunza kwamba ukingoja amalize kazi ndipo umsifu, utaota mvi. Msifu mapema, mbele za watu, ataona haya kukuangusha. Basi siku ya pili tu ya novena alichukua kalamu na karatasi nyingine akaandika: *Namshukuru Mtakatifu Yuda Tadei kwa kumponya kabisa mume wangu, Fundi Redio wa nyuma ya soko.* Akaibandika kwenye ubao wa parokia, kati ya matangazo ya ndoa na zamu za usafi. Kisha akaingia kanisani, akaisogelea sanamu ya mtakatifu huyo iliyo pembeni.

"Nimeshakutangaza," akainong'oneza. "Sasa niaibishe tuone."

Hakuwa amefikiria kwamba watu husoma ubao.

Kwa miezi miwili ya ugonjwa, hospitalini na nyumbani, wageni walikuwa wakiingia kwa kunyata, kwa sauti za matangani. Waligusa shuka, wakasema Mungu yupo, kisha wakamgeukia mke: "Amekula? Amelala?" kana kwamba mwenyewe yuko safarini. Asubuhi iliyofuata mwalimu mstaafu aliingia bila kunyata, akasimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Wewe mtu, umepona na bado umelala? Redio yangu iko wapi?"

Fundi alimtazama mkewe. Mkewe akatazama dari.

"Nani kasema nimepona?"

"Imebandikwa kanisani."

Fundi alicheka mpaka kikohozi kikamkamata. Alipopata pumzi akasema, "Redio yako haikuharibika hata siku moja. Uliweka betri kichwa chini."

"Na mwaka mzima unanizungusha?"

"Nilikuwa nakutunzia heshima, Mwalimu."

"Mwizi mkubwa wewe," mwalimu akasema, akavuta kiti.

Kufikia jioni kulikuwa na redio sita kitandani. Mke aliweka ubao wa kupigia pasi juu ya mapaja ya mgonjwa ili uwe meza, akamletea bisibisi na chuma cha kulehemu. Chumba kikaacha kunuka dawa, kikanuka risasi iliyoyeyuka. Watu walikuja, wakabishana kuhusu magolikipa, wakamlaumu Fundi kwa uvivu, naye akawatukana kwa kila ada na heshima.

Lakini siku ya tano ya novena mke aliona jinsi mkono wa mumewe ulivyolazimika kupumzika baada ya kila skrubu.

"Kesho naenda kuibandua," akasema. "Nimemsingizia mtakatifu."

"Iache. Miezi miwili wananisalimia kama maiti, mama watoto. Mwalimu kaniita mwizi. Hujui raha yake."

"Mimi niliomba upone. Sikuomba uitwe mwizi."

"Najua." Akaipuliza vumbi redio. "Pengine ametoa alichokuwa nacho dukani."

"Hajatoa kitu. Bado ana siku nne."

Alizisali zote nne, ya mwisho kwa meno yaliyokazwa, kama mtu anayevuta kamba upande wake. Siku mbili baada ya novena kwisha, saa nne asubuhi, Fundi alifariki akisubiri chuma kipate moto.

Wiki ya mazishi ilipokwisha, katekista alikuja na kofia mkononi.

"Mama, lile tangazo. Watu wanauliza. Padre anaona ungeandika kidogo, kama masahihisho."

"Masahihisho gani?"

"Kwamba... hakupona."

Mke wa Fundi alikuwa hajazungumza sana tangu makaburini.

"Ulipokuja kumwona mgonjwa mara ya kwanza, ulimwambia nini?"

"Nilizungumza na wewe, nadhani."

"Na baada ya tangazo?"

Katekista aliizungusha kofia. "Nilimwambia spika ya kanisa aliitengeneza vibaya."

"Akasemaje?"

"Akasema spika ni nzima, tatizo ni mimi ninayeimba." Akacheka, kisha akakumbuka yuko msibani, akaziba mdomo.

"Tangazo litoe," mke wa Fundi akasema. "Masahihisho siandiki. Mimi na Yuda Tadei tumekosana, na ugomvi wetu hauwahusu wasomaji wa ubao." Akamsogezea kiti. "Akasema nini tena?"

Katekista alitupa jicho mlangoni, akaketi, akainamisha kichwa karibu.

"Kuhusu padre, mama, alisema mahubiri yake..."