Kwa Niaba ya Nani

Ofisini kwetu kuna fremu ukutani yenye kanuni saba za maadili. Niliziandika mimi miaka kumi na tisa iliyopita, nikiwa bado na nywele na imani. Ya tatu inasema mshauri hatamficha mtu anayemsemea. Kioo cha fremu hufutwa kila Ijumaa, na nadhani mama wa usafi ndiye pekee anayezisoma.

Kazi yetu tunaiita ushauri wa masuala ya umma. Kwa lugha ya kawaida, mwenye kampuni akitaka sheria ilegezwe, sisi ndio tunaokwenda bungeni kuwabembeleza wabunge, kwenye ngazi, mlangoni mwa mkahawa, popote watakaposimama. Nimeshinda kwenye hizo korido mpaka vijana wa ofisini wakanipa jina, Mzee wa Korido, na magoti yangu yanakubaliana nao.

Kazi yenyewe si haramu. Kila mtu ana haki ya kusikilizwa, na si kosa kumtuma anayejua kusema. Niliwaambia hivyo wageni wote wa kazi, na niliamini. Mambo huharibikia getini kwa bunge, kwenye kitabu cha wageni. Kina mahali pa jina, pa saa ya kuingia na kutoka, na mahali palipoandikwa "kwa niaba ya". Hapo, miaka yote hiyo, nimejaza neno moja tu: mwenyewe. Walinzi hawajawahi kuniuliza. Tumezoeana.

Mteja wetu safari hii alikuwa kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu. Sheria inataka kiwanda kama hicho kikae mita mia tano kutoka kwenye nyumba za watu. Yeye alitaka mia moja zitoshe. Bosi akaagiza barua arobaini za wakazi wanaokiunga mkono. Wakazi wenyewe watatia sahihi tu, kuandika ni kazi yetu, na fundi wa barua hizo ni mimi. Siri yake ni kwamba barua ya mwananchi isinyooke mno. Unarudia neno, unasahau nukta, unamwacha mtu apotee kidogo azungumzie mvua kisha arudi kwenye hoja. Mbunge akipewa barua iliyonyooka ananusa mshauri.

Thelathini na tisa zilikwisha. Ya arobaini nikampelekea dada yangu.

Dada anashona sare za shule katika chumba cha mbele cha nyumba yake, mtaa wa pili kutoka ukuta wa hicho kiwanda. Ndiye aliyenilea mama alipofariki. Alinifundisha kusoma kwa magazeti aliyokatia vipimo vya nguo, kwa hiyo habari zangu za kwanza zilikuwa na umbo la mkono wa shati na zilikatika kwapani. Siku ile alitafuta miwani akaikosa. Akauliza kama karatasi ni yangu. Nikamwambia ni ya kazini, inataka sahihi tu. Akatia.

Kosa langu la kitaalamu, ambalo halimo kwenye zile kanuni saba, ni kwamba barua ile sikuweza kuiharibu. Nilijaribu. Niliweka kosa mstari wa pili, nikaliona linamdhalilisha mtu aliyenifundisha herufi, nikalifuta. Barua ikatoka safi, yenye heshima, nzuri kuliko zote. Wiki mbili baadaye karani wa kamati ya bunge inayoijadili sheria hiyo akapiga simu: mwenyekiti ameguswa na barua ya mama fundi, anataka kumsikia mwenyewe, Jumatatu saa nne asubuhi. Bosi alifurahi akanipigapiga begani. Mimi nilikwenda chooni nikakaa.

Jumapili mchana nikaenda kumwandaa. Nilimkuta amevaa miwani, nakala ya barua iko juu ya cherehani. Karani alimtumia pamoja na wito. Nyuma yake mashati meupe yalining'inia, kila moja ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa kwa kamba. Asipoyafunika, kufika jioni huwa ya kijivu.

"Hapa panaposema moshi hautusumbui," akasema, "na kwamba kiwanda ni jirani mwema. Haya niliyasema lini?"

Nikaanza kumweleza kwamba ni lugha ya kazi tu, kwamba kila upande una barua zake, kwamba sheria haitegemei barua moja. Maneno yananitoka kirahisi, ndiyo kazi yangu. Alikohoa, akasubiri nimalize.

"Nikiwaambia si maneno yangu, utafukuzwa?"

"Nadhani."

"Basi nitakuja."

Akarudi kwenye cherehani. Nilipaswa kuichukua karatasi ile na kuichana hapo hapo. Nilikunywa maji, nikaaga.

Jumatatu tulifika getini pamoja. Amevaa gauni lake la harusi za watu. Alipofika kwenye "kwa niaba ya" akasimamisha kalamu, akaniuliza pale huandikwa nini. Nikamwambia aandike "mwenyewe". Akaangalia mstari wa juu, wangu, akaliona neno lile lile, akaandika kwa mwandiko wake wa duara.

Chumba cha kamati ni kidogo kuliko watu wanavyodhani, na viti vya nyuma vinalia ukijigeuza. Mwenyekiti alikuwa mpole. Alimuuliza, yeye kama fundi, nguo nyeupe hazichafuki? Dada akajibu kwamba anazifunika. Akaulizwa kama barua ni maneno yake. Akageuka akanitafuta viti vya nyuma, akanipata.

"Ni yangu," akasema.

"Hakuna aliyekutuma, mama?"

"Sijatumwa. Nimekuja mwenyewe."

Kisha akakohoa kwenye leso, muda mrefu, mpaka karani akamletea maji. Nimesikia uongo mwingi katika chumba kile, mwingine nimeutunga mimi, na haukuwahi kunisumbua usingizi. Huu ulinitia aibu, aibu ya kweli ya mtoto aliyekamatwa.

Mwenyekiti alimshukuru, akatangaza mapumziko ya dakika kumi, kisha kamati ipige kura. Simu ikatetemeka mfukoni: bosi ananipongeza, anataka ile barua iwe mfano wa kufundishia vijana.

Nilimsindikiza dada hadi getini. Mlinzi akatufungulia kitabu tuandike saa ya kutoka. Dada akavaa miwani. Alijaza saa, kisha akarudisha kalamu nyuma, akalikata lile neno kwa mstari mmoja ulionyooka kama mshono, na juu yake akaandika: mdogo wangu.

"Kule ndani nimesema uongo kwa ajili yako," akasema taratibu. "Hapa ni mwandiko wangu. Siwezi."

Akanipa kalamu, akatoka nje, akaenda kusimama kivulini kwenye ukuta akikunja leso.

Nyuma yangu watu watatu walikuwa wanasubiri kitabu. Nilitazama mstari wangu. Nilikuwa nimechoka, uchovu wa miaka kumi na tisa, na sikujiona shujaa hata kidogo. Niliona tu kwamba siwezi kuliacha neno lile juu ya mwandiko wake. Nikalikata. Mstari wangu haukunyooka kama wake. Juu yake nikaandika jina la kiwanda, kwa herufi kubwa, jina zima.

"Mzee, na saa ya kutoka?" mlinzi akauliza.

"Bado sijatoka," nikamwambia. "Zimebaki dakika nne wapige kura. Narudi ndani."