Karatasi ya Wanaopumzika

Daktari Nyakio alipofika Kakuma na mapipa yake kumi ya bluu, watu walidhani ameleta maji, wakapanga foleni na mitungi. Kumbe mapipa yalikuwa ya kutumbukiza vijana. Wakishakimbia, waingie mpaka kiunoni ndani ya maji ya barafu, barafu yenyewe ikitoka Lodwar kwa gari, ili ijulikane kama baridi inaondoa uchovu vizuri kuliko kupumzika tu. Wazee wawili waliketi kando ya mapipa wiki nzima. Utafiti haukuwahusu. Walingoja kipande cha barafu kianguke chini.

Nabei alipata kazi hapo kwa sababu ya darasa lake la saba. Alikuwa bibi wa Kiturkana, muuza kuni, mgongo umekwisha lakini mdomo bado. Wakimbiaji walikuwa ishirini, wengine wa kambini, wengine wenyeji. Kumi waliingia mapipani, kumi walipumzika, na hao wa kupumzika ndio aliopewa Nabei. Kila jioni apite kwao na karatasi yenye visanduku vitatu: amelala, amekaa, amefanya mazoezi mengine. Atie alama, basi.

"Daktari," alisema, "mimi nimekaa miaka arobaini na mwanamume wa kupumzika. Hakuna mtu aliwahi kunilipa kwa kumwangalia."

Nyakio alicheka mpaka miwani ikamtoka. Alikuwa mtu wa Nairobi, mpole, hasemi na mtu mzima bila kumwita mama.

Kati ya wale kumi alikuwamo Arek, msichana wa miaka kumi na saba aliyezaliwa hapo kambini, wazazi wake wakiwa wakimbizi wa Sudan Kusini. Alikuwa mrefu hivi kwamba Nabei akisema naye kwa kusimama, shingo inamuuma siku mbili. Baada ya wiki nane kungekuwa na mashindano Lodwar, na msichana wa kwanza angepelekwa shule ya bweni Kitale, yenye kocha, viatu, na kibali cha kutoka kambini. Arek hakuwa na mlango mwingine wa kutokea. Alijua hivyo, mama yake alijua, na Nabei alijua kuliko wote, maana msichana alimhadithia Kitale kila siku kana kwamba amewahi kuiona.

Urafiki wao ulianza kabla ya mapipa. Mgongo wa Nabei ulipokataa mzigo, Arek ndiye aliyeanza kumfuata nyumbani kwake, upande wa Lopur, akijitwika kuni mpaka sokoni kambini. Malipo yake ni fungu moja la kumpikia mama. Utafiti ulipoanza hakuna kilichobadilika. Asubuhi anakimbia na wenzake, kisha anakwenda Lopur, anarudi na kuni, anateka maji mtungi mzima, halafu anakaa mlangoni kumngoja mtu wa karatasi.

"Ejok, nyanya," Arek humsalimu kwa Kiturkana.

"Ejok noi. Leo umefanya mazoezi mengine?"

"Mazoezi gani tena? Nimekimbia na wengine asubuhi."

"Umelala?"

"Kwa hili joto?"

"Haya, umekaa. Kazi yako nzuri, mjukuu. Endelea kukaa hivyo hivyo."

Alama. Nabei hakudanganya. Alama ile aliitia kwa moyo mweupe kabisa. Kwao mtu akisema amefanya kazi, basi amechimba kisima au amewatafuta mbuzi siku tatu. Kutembea ni kutembea, nani anaandika karatasini kwamba leo amepumua?

Wiki ya tano, mbio za Arek zikaanza kurudi nyuma. Akalalamika kwamba goko, ule mfupa wa mbele wa mguu, linawaka. Nabei akamkanda kwa mafuta ya mkia wa kondoo.

"Ukinuka hivi Lodwar," akamwambia, "wenzako watakaa mbali wenyewe."

Arek akacheka, halafu akauma mdomo, kwa sababu kidole cha Nabei kilipita mahali fulani.

Daktari naye aliona. "Mama, huyu Arek anapumzika kweli?"

"Anapumzika. Mimi mwenyewe kila jioni namkuta amekaa."

Nyakio akafungua karatasi. Wiki tano: amekaa, amekaa, amekaa. Akamwonyesha kocha, Lokeno.

"Basi ni uvivu," Lokeno akasema. "Mtu akikaa sana, damu inalala."

Akamwongezea mizunguko minne kila asubuhi kwenye mchanga wa mto Tarach, mchanga unaomeza mguu mpaka kwenye kifundo. Arek akaikimbia yote. Kisha akaenda Lopur.

Siku ya Lodwar uwanja ulijaa. Nabei alikuwa amevaa shanga zote alizo nazo, amewaambia wote waliokaa karibu kwamba yule mrefu ni mjukuu wake, na asiyeona mfanano akapimwe macho. Mzunguko wa tatu Arek alikuwa mbele. Akatupa mguu wa kushoto, na mguu ukatua vibaya. Alikimbia hatua kama ishirini hivi juu ya ule mguu, halafu akakaa chini vumbini, kwa adabu, kama mtu aliyeambiwa angoje. Abul, msichana mwenzake wa kambini, akampita.

Hospitalini walisema goko limevunjika, na kwamba ufa wenyewe ni wa zamani, wa wiki tatu au zaidi. Nyakio alimkuta Nabei nje, kwenye benchi.

"Mama, ule mfupa ulichoka. Mchana alikuwa anafanya nini?"

"Hakuna."

"Hakuna kabisa?"

"Hakuna. Anakuja kwangu kuchukua kuni, anapeleka soko, anateka maji. Basi, anakaa."

Nyakio akaketi kando yake. "Kwako ni wapi?"

"Upande wa Lopur."

"Na anakuja kwa miguu?"

"Sasa aje na nini, daktari? Ndege?"

Safari hii hakucheka. Alimwuliza dereva wake, naye akasema mpaka pale ni kilomita tisa. Kwenda tu.

"Kila siku?"

"Jumapili hapana. Jumapili ni kanisa."

"Kanisa liko wapi?"

Nabei akamwambia. Nyakio akaandika, akajumlisha, akavua miwani, akaishika mkononi. "Na wale wengine tisa?"

"Wote wanatembea, daktari. Maji yanawafuata nyumbani?"

Hapo ndipo Nabei alipozisikia kilomita. Zilimjia zote kwa pamoja, za wiki nane, na kuni zake juu ya kichwa cha mtoto wa watu.

"Kosa ni langu," Nyakio alisema. "Niliweka visanduku vitatu, sikuuliza kama vinatosha."

"Kuni zilikuwa zangu," Nabei akasema.

Akaingia wodini peke yake. Arek alilala na plasta mpaka pajani, miguu imepita mwisho wa kitanda. Tayari alikuwa ameambiwa kwamba Abul ndiye wa Kitale.

"Anakimbia vizuri, Abul," alisema.

Nabei akakaa ukingoni mwa kitanda, akamweleza yote: kilomita tisa, mzigo, mtungi, alama, mchanga wa Lokeno. Akasema kwamba Lokeno alikosea kumwita mvivu, na aliyemdanganya Lokeno bila kujua ni yeye mwenyewe, Nabei. Alingoja atukanwe. Alitaka atukanwe.

Arek alimtazama kwa huruma, kama mtu anayemsikiliza mzee aliyechanganyikiwa.

"Lakini nilikuwa nimepumzika, nyanya."

"Hukupumzika, mjukuu. Hata siku moja."

"Mamangu alitoka Bor kwa miguu mpaka Kakuma. Alikuwa mdogo kuliko mimi, na mtoto wa dada yake mgongoni. Mguu wake haukuvunjika." Akavuta shuka. "Mimi nivunjike kwa kuni? Ni mwili wangu tu. Ni dhaifu. Afadhali nimejua mapema."

"Mama yako hakuwa anakimbia mashindano juu ya safari hiyo!"

"Usijisumbue, nyanya."

Akageuza uso ukutani. Nabei akasogea karibu, akaanza upya, polepole, kwa sauti ya kumfundisha mtoto kuhesabu. Asubuhi unakimbia. Halafu unakuja kwangu, tisa. Halafu unarudi na mzigo, tisa nyingine. Alipofika kwenye mtungi wa maji aliona bega la Arek linatikisika kwa kilio, akaacha kuhesabu.